Bata wa Ziwani: Tuwajue Kabla ya Kuwahukumu

Somo la safari hii halikuanzia ofisini. Lilianza na chupa. Mama mmoja wa kikundi cha wakulima wadogo karibu na Ziwa Naivasha alikuja mkutanoni na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na chupa ya dawa ya wadudu ambayo karatasi yake ya maelezo ilikuwa imebanduliwa. Alitaka kujua jambo moja tu: aloweke mahindi gorogoro ngapi katika dawa hiyo, ili ayamwage kando ya shamba?

"Bata wamenimaliza," alisema. "Nimepanda mara mbili, mara mbili wamekula. Bata hajanisaidia karo ya mtoto hata siku moja. Safari hii nitawapa chakula chao wenyewe."

Kusema kweli, wengi pale mkutanoni walimwunga mkono. Na sisi inatupasa kukiri kosa letu. Msimu uliotangulia tulisimama mbele ya kikundi hicho hicho, tukafundisha kwamba adui wa kwanza wa mahindi machanga pale ziwani ni bata. Tulisema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa. Hatukuwa tumekwenda kuangalia. Sasa mama alikuwa amelichukua neno letu na kulifikisha mwisho wake.

Tukamwomba atupe siku tatu. Tukasema: mama, twende kwanza tuwaone hao bata, tujue ni akina nani, wanakula nini na wanakuja saa ngapi. Akakubali, lakini chupa akarudi nayo nyumbani.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili kikundi kiweze:
1. Kutambua aina tatu za bata wakubwa wa porini wanaopatikana katika maziwa yetu.
2. Kutofautisha uharibifu wa bata na uharibifu wa wanyama au wadudu wengine.
3. Kueleza hatari ya kutega ndege kwa sumu.
4. Kuchagua njia mbili au tatu za kulinda miche bila sumu.

KABLA YA KWENDA

Tulikuwa watu 11: akina mama sita, vijana watatu, sisi, na mzee mmoja mvuvi aliyekubali kutuongoza. Tulikuwa na darubini moja ya kuazima, daftari na kalamu. Wengi walidhani tutaondoka alfajiri kungali giza, lakini mzee alikataa kabisa. "Usiku kiboko yuko kwenye nyasi," alisema. "Asubuhi anarudi majini. Ukisimama katikati yake na maji, umeziba mlango wake." Kwa hivyo tuliondoka jua likiwa limeshatoka, saa moja na nusu, tukapita njia ya wazi ya kwenda ufuo wa umma, mbali na mafunjo marefu. Kikundi kitakachotaka kufanya matembezi haya kishike sharti hilo la kwanza: mwenyeji anayejua njia za viboko awe mbele, watoto wakae katikati, na mtu yeyote asisogee penye majani yanayomficha mnyama.

Sharti la pili lilikuwa kunyamaza. La tatu, kila mtu aseme tu kile alichokiona kwa macho yake, si kile anachokijua tangu zamani. Hili la tatu ndilo lililotushinda zaidi.

ZIWA LENYEWE

Naivasha ni ziwa la maji yasiyo na chumvi katika Bonde la Ufa, mahali palipoinuka karibu mita 1,890 kutoka usawa wa bahari. Maji yake mengi huletwa na Mto Malewa, unaotoka upande wa milima ya Nyandarua. Hakuna mto unaoonekana ukitoka ziwani. Sehemu ya maji hupotelea chini ya ardhi, na sehemu nyingine hukaushwa na jua. Mwaka 1995 ziwa hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya maziwa, mabwawa na vinamasi vinavyotambuliwa na mataifa kuwa na umuhimu mkubwa. Orodha hiyo ilitokana na mapatano yaliyofanywa katika mji wa Ramsar, nchini Iran, mwaka 1971.

Ziwa hili halikai mahali pamoja. Kuna miaka linapungua likaacha nchi kavu yenye nyasi nzuri, na kuna miaka linajaa. Wasomaji wa huko wanakumbuka mwaka 2020, maji yalipopanda yakaingia katika nyumba za watu na kufunika mashamba. Mzee alituonyesha nguzo za ua zilizosimama ndani ya maji. "Hapo palikuwa malisho," alisema. "Bata, viboko, ng'ombe, wote walikula hapo." Tuliandika neno hilo katika daftari, na baadaye lilitusaidia sana.

BATA WA KWANZA: BATA MISRI

Hatukutembea hata dakika kumi tukawaona. Walikuwa kwenye nyasi fupi, wawili wawili, wakitembea na kung'oa majani kama mbuzi. Huyu ndiye bata Misri. Mwili wake ni wa rangi ya kahawia na kijivu, miguu ni ya waridi, na jicho limezungukwa na doa la kahawia iliyoiva, utadhani amevaa miwani. Kifuani ana doa jingine la kahawia. Akiruka, mabawa yanaonyesha weupe mkubwa unaoonekana kutoka mbali. Urefu wake ni kama sentimita 70, na uzito wake ni karibu kilo mbili.

Jina lake limetoka Misri ya kale, ambako watu walimfuga na kumchora katika makaburi yao. Siku hizi amefika mbali. Wazungu walimpeleka Ulaya awe pambo la bustani, akatoroka akazaana, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulimtia katika orodha ya wanyama wageni waharibifu. Huku Afrika yeye ni mwenyeji. Kumbe ndege ni yule yule, ila mahali alipo ndipo panapoamua anaitwa mwenyeji au mwizi.

Bata Misri huishi dume na jike pamoja, na hulinda sehemu yao kwa ukali. Tulisikia mmoja akitoa sauti ya kufoka kama nyoka, na mwenzake akipiga kelele kubwa. Mzee akasema anayefoka ni dume, na mwenye kelele ni jike. Ndivyo ilivyo. Hutaga mayai kati ya 5 na 12, huyaatamia siku 28 hadi 30, na vifaranga hukaa kama siku 70 kabla ya kuweza kuruka. Kiota chake kinaweza kuwa chini kwenye majani, kwenye tundu la mti, au hata juu ya kiota kikuukuu cha ndege mwingine.

Jambo moja liwekeni akilini. Bata hawa, wanapobadilisha manyoya, hupoteza manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja. Kwa majuma kadhaa hawawezi kuruka kabisa. Na vifaranga hawaruki bado. Ndege asiyeruka huingia shambani kwa miguu, na anayekuja kwa miguu anaweza kuzuiwa kwa ua mdogo.

Tulihesabu 34. Mama mwenye chupa alihesabu polepole kwa kidole, kisha akasema, "Nilidhani ni mia tatu."

BATA WA PILI: MWENYE MWIBA BAWANI

Mbele kidogo, kwenye tope, walisimama wanne wengine, warefu na weusi. Kijana mmoja alisema ni korongo. Hapana, ni bata, tena ndiye mkubwa kuliko bata wote wa porini katika Afrika. Dume hufikia kilo sita na zaidi, na urefu wake unaweza kufika mita moja. Mgongo ni mweusi wenye kung'aa kijani jua likimpiga, tumbo ni jeupe, uso una ngozi nyekundu isiyo na manyoya, na miguu ni mirefu. Mahali bawa linapokunjika ana mwiba mgumu, ambao anautumia kupigana na wenzake. Mtu akimshika vibaya anaweza kuumizwa.

Yeye pia hula nyasi, mbegu na majani machanga, hasa asubuhi, jioni na usiku. Lakini kuna jambo kuhusu nyama yake ambalo kila nyumba inafaa kulijua. Katika nchi ya Gambia, Afrika Magharibi, ilionekana kwamba bata hawa hula aina ya mbawakawa wenye sumu inayobabua ngozi ya mtu. Bata mwenyewe hadhuriki, lakini sumu hubaki katika nyama yake, na moto wa jikoni hauimalizi. Kiasi kidogo sana, hata miligramu kumi, kinaweza kumuua mtu. Kwa hivyo anayeuza nyama ya bata wa porini kando ya barabara hawezi kukuhakikishia bata huyo alikula nini, hata kama yeye mwenyewe hakutumia dawa.

BATA WA TATU: MWENYE NUNDU

Wa tatu tulimwona mmoja tu, dume, amekaa juu ya mti mkavu majini. Kichwa chake ni cheupe chenye madoadoa meusi, mgongo ni mweusi wa kung'aa, na juu ya mdomo amebeba nundu kubwa kama kipande cha ngozi kilichosimama. Jike hana nundu, tena ni mdogo zaidi. Hutaga katika matundu ya miti mikubwa. Huyu ni msafiri: hufuata mvua, leo yuko hapa, mwezi ujao yuko kwenye bwawa lingine mbali. Ukikata miti yote mizee ya kando ya maji, umemnyang'anya nyumba.

NA BUKINI JE?

Mama mmoja aliuliza, "Basi hawa ndio bata bukini kama wale wa jirani yangu wanaobwekea wageni?" Swali zuri. Bata bukini wa nyumbani ni uzao wa ndege wa porini wa Ulaya na Asia. Ndugu zao wa porini ni wa nchi za kaskazini zenye baridi. Si wenyeji wa maziwa yetu. Hao wetu watatu wana umbo la bukini na tabia ya kula nyasi kama bukini, ndiyo maana Wazungu waliwapa wawili wa kwanza jina hilo, lakini kwa ukoo wako karibu zaidi na bata wengine. Hata neno letu lina safari yake: Bukini ni jina la zamani la kisiwa cha Madagaska, na watu wa pwani walimwita ndege huyo bata wa Bukini.

Yupo na wa nne, ambaye siku hiyo hatukumwona. Ni mdogo sana, sentimita 30 tu, uso mweupe na kifua cha rangi ya chungwa. Anapenda maji matulivu yenye mayungiyungi, kwa sababu mbegu za mayungiyungi ndizo chakula chake. Wasomaji wa upande wa Taveta wanaweza kumtafuta katika Ziwa Jipe. Huyo hana habari na mahindi ya mtu.

SHAMBANI KWA MAMA

Saa nne tulifika shambani. Ni robo ekari ya kukodi, juu kidogo ya mafunjo. Mahindi yalikuwa na majuma mawili. Mistari 20 ilikuwa imeharibika, na mama alisimama kando akasema, "Tazameni wenyewe."

Tuligawanyika, kila watu wawili mstari mmoja, tukainama. Tulikuta hivi:

Mistari 6, iliyo karibu na maji, majani yalikuwa yamekatwa ncha. Chini palikuwa na alama za miguu yenye utando na kinyesi kirefu cha kijani chenye nyuzi za majani. Hapo ni bata, hakuna ubishi.

Mistari 9 katikati, mimea ilikuwa imekwanguliwa hadi chini na mingine kukanyagwa na kuzikwa. Katika tope palikuwa na alama kubwa za mguu wenye vidole vinne. Mzee hakungoja kuulizwa. "Huyu ni kiboko, alipita usiku." Kiboko mzima ana uzito wa zaidi ya kilo elfu moja, na kwa usiku mmoja anaweza kula kama kilo 40 za majani. Bata anakuja mchana na kuonekana, kiboko anakuja usiku na kuondoka. Asubuhi mwenye shamba anapofika, anamkuta bata amesimama juu ya kazi ya kiboko.

Mistari 5 ya juu, mbali na maji, miche ilikuwa imekatwa usawa wa udongo na kulala kando, majani yake mazima. Ndege gani huyo anayekata chakula halafu hakili? Tulichimba kwa kidole kando ya mche, na ndani ya udongo tukamkuta funza mnene wa kijivu amejikunja. Ni sota. Sota hukata mche usiku na mchana hujificha ardhini.

Jumla ni mistari 20. Ya bata ni 6. Mama alikaa chini kwenye ukingo, akamshika yule sota mkononi muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza, "Kwa hivyo ningewaua bata, na bado nisingevuna?"

Hatukumjibu. Alikuwa ameshajijibu. Sisi nasi tulikuwa tukifikiria lile somo letu la msimu uliopita.

Ni haki pia kusema upande wa pili. Mistari sita si kitu kidogo kwa mtu wa robo ekari. Bata wanakula kweli. Lakini kumbukeni zile nguzo ndani ya maji. Malisho yao yalifunikwa, ziwa likasogea hadi mlangoni mwa shamba, na bata wakaja nalo.

KWA NINI TUSITUMIE SUMU

Jambo hili limewahi kutokea nchini mwetu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, ilifahamika wazi tangu mwaka 2009 kwamba watu walikuwa wakitega ndege kwa dawa ya wadudu iitwayo kabofurani, kisha kuuza nyama yake kwa watu wale. Walioinunua hawakuona tofauti yoyote kwa macho.

Dawa za aina hiyo hushambulia mishipa ya fahamu. Haziwezi kuchagua. Mahindi yaliyolowekwa huliwa na bata, lakini pia huliwa na njiwa, kuku wa jirani na mbuzi aliyekata kamba. Bata aliyekufa huliwa na mbwa, na furukombe huja kuokota mzoga. Mvua inyeshapo, dawa inashuka ziwani, nasi tunateka maji hapo hapo kwa mtungi.

Ishara za mtu aliyepata sumu hiyo ni: mate na machozi kumtoka kwa wingi, kutapika, kuharisha, tumbo kukaza, mboni za macho kuwa ndogo sana, kutetemeka, na pumzi kuwa shida. Ukiziona, fanya hivi:
- Mwondoe penye dawa, umvue nguo zilizolowa. Wewe mwenyewe usiguse dawa kwa mikono mitupu.
- Mwoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni.
- Usimtapishe, wala usimpe maziwa kwa kufikiri yanaua sumu.
- Mpeleke hospitali haraka, pamoja na chupa ya dawa au karatasi yake, ili daktari ajue la kufanya.

Ndiyo maana chupa isiyo na karatasi ni hatari mara mbili.

Kuhusu sheria: Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda wanyama na ndege wa porini kwa ajili ya nyama. Sheria hiyo hiyo ina orodha ya wanyama ambao wakiharibu mazao, mkulima anaweza kudai fidia. Kiboko yumo, bata hayumo. Kwa hivyo ile mistari tisa ya kiboko mama angeweza kuipeleka katika ofisi ya KWS, lakini kwa kuwa kila asubuhi alilaumu bata, hakuwahi kuripoti. Malipo yanaweza kukawia sana, tusidanganyane, lakini asiyeripoti hana hata pa kuanzia.

TULICHOKUBALIANA

Kikundi kilikaa chini ya mti na kuchagua njia zifuatazo. Nyingi hazihitaji pesa.

1. Kulinda kwa zamu. Bata hupenda jani changa. Hatari kubwa ni majuma matatu ya kwanza. Jirani watano wakipanda pamoja, kila mmoja analinda asubuhi moja na jioni moja, badala ya kila mtu kulinda peke yake kila siku. Zamu ianze jua likishatoka na iishe kabla ya giza, shauri ya viboko.

2. Kamba mbili upande wa maji, moja urefu wa kifundo cha mguu, nyingine urefu wa goti, zenye vipande vya karatasi za kung'aa. Bata anayetembea kwa miguu na vifaranga wake hapendi kupita hapo.

3. Kuacha mafunjo na majani marefu yasimame kati ya shamba na maji. Bata hupenda mahali peupe ambapo anaweza kumwona adui. Tukifyeka hadi majini tumemtengenezea barabara. Tena ardhi ya ukingo wa ziwa si yetu kulima.

4. Sanamu la kufukuzia ndege, lakini lihamishwe kila baada ya siku mbili. Bata si mjinga. Sanamu lisilosogea huzoeleka.

5. Kwa sota: kulima na kupalilia mapema kabla ya kupanda, ili jua na ndege wawapate, na kila asubuhi kuchimba kando ya mche uliokatwa na kumwua aliye hapo. Bila hivyo atakata na mche wa pili.

6. Kwa kiboko: kuacha njia yake anayoizoea bila kuilima, na kuripoti.

ILIVYOKWENDA BAADAYE

Wasomaji wengine watauliza mwisho wa mama. Kikundi kilimkopesha mbegu gorogoro mbili. Alipanda mara ya tatu, akaweka kamba, na majirani wanne wakashika zamu. Bata walikula mistari miwili. Kiboko alipita mara moja, na safari hii aliripoti. Sota alipungua lakini hakwisha. Mahindi mengine yalisimama.

Yalipofika kiunoni, mama alikuja ofisini na kikapu kile kile. Chupa ilikuwa imejaa vile vile. Tulimsindikiza kwa afisa wa kilimo akaikabidhi, kwa maana dawa ya namna hiyo haimwagwi chooni, wala shimoni, wala ziwani. Tulimwuliza kama sasa anawapenda bata. Akacheka. "Siwapendi," alisema. "Lakini nawajua kwa sura. Yule mwenye nundu hajanikosea kitu."

Jirani mmoja upande wa chini bado anasema sumu ndiyo dawa. Yeye hakuja kwenye matembezi. Tumemwalika kwa msimu ujao, na mama ndiye aliyekwenda kumwalika.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika eneo lenu, ni mnyama au ndege gani analaumiwa zaidi? Nani kati yenu amemwona kwa macho akiharibu?
2. Shambani mwako, unawezaje kujua kilichoharibu mche kama ni ndege, sota, au mnyama wa usiku? Andika alama tatu za kila mmoja.
3. Kuna chupa za dawa zisizo na maelezo majumbani mwenu? Zimewekwa wapi, na watoto wanafika hapo?
4. Ziwa, mto au bwawa lenu limesogea kiasi gani tangu mwaka 2020? Waulizeni wazee.
5. Je, sisi viongozi tumewahi kufundisha jambo ambalo hatukuliangalia wenyewe? Lipi? Tutalirekebisha namna gani?

KAZI YA MWEZI

Kila kikundi kifanye matembezi ya asubuhi moja kwenye maji yaliyo karibu, pamoja na mwenyeji anayeijua njia. Chukueni daftari. Andikeni aina za bata mliowaona, wangapi, wanakula nini na wako wapi. Siku hiyo hiyo piteni katika shamba moja na kuhesabu mistari iliyoharibika, kila mstari na mharibifu wake. Msihesabu kwa kukumbuka, inameni. Leteni hesabu hizo katika mkutano ujao, nasi tutazisoma pamoja kabla ya kuamua lolote.